Neno Nililopeleka Kiwandani

Majani mabichi ya chai yakikaa sana bila kukaushwa hunuka namna ambayo sijaweza kuieleza vizuri, na nimejaribu. Mwanzoni ni harufu tamu, kama ndizi zilizoivia ndani ya sanduku. Baadaye huwa kali kama pombe ya busaa iliyosahauliwa mtungini. Juzi nilirudi chumbani kwangu baada ya siku tatu za kuzunguka na vyeti nikitafuta kazi, nikafunua debe nililokuwa nimemwagia makapi ya chai, na harufu ikanipiga usoni. Haikuwa ile yenyewe, labda binamu yake tu. Lakini nilikaa kitandani na koti langu mwilini, nikashindwa hata kuvua viatu.

Tata alifariki miezi minne iliyopita. Kwetu Kisii baba huitwa tata, na mama ndiye huitwa baba, jambo ambalo limewahi kunitesa kama nitakavyosema. Kwa kuwa mimi ndiye niliyefika chuo kikuu, nilipewa kazi ya kuandika historia yake isomwe mazikoni. Niliandika kwamba alitumikia kiwanda cha chai kwa uaminifu, kisha akaamua kujitegemea. Neno "akaamua" lilinichukua siku mbili. Wazee waliitikia kwa vichwa, akina mama wakalia, nami nikarudi kwenye kiti changu nikijua kwamba sijasema kitu.

Alivuka Sotik akiwa kijana, ametoka milima ya Kisii na Biblia moja na spana mbili. Ufundi aliujifunza kwenye vinu vya posho, na baadaye jeshini akitengeneza malori ya Wazungu wakati wa vita vyao. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na sikio. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya mashine, mpini wake sikioni, akafumba macho. Mimi nilikuwa nimemzoea akifumba macho wakati wa maombi tu, kwa hiyo niliamini kwamba mashine zinaungama kwake. Siku moja nilimwuliza hii inasema nini.

"Inasema ina kiu," akanijibu, akaenda kuchukua kopo la mafuta.

Tulikuwa watu wa Sabato. Ijumaa, jua kabla halijazama, maji yalikuwa yameshatekwa, kuni zimepangwa, chakula cha kesho kimepikwa, na viatu vya watu wote sita wa nyumba vimepangwa ukutani viking'aa. Tata ndiye aliyevipaka rangi, vyote, hata vya mtoto asiyetembea bado. Kisha tulipiga magoti, na kuanzia hapo hakuna aliyeshika jembe wala sindano mpaka Jumamosi jua likizama. Pale kiwandani alikuwa ameelewana na injinia Mzungu kwamba Jumamosi mafundi wengine watalinda mashine, naye atafanya kazi Jumapili kutwa. Makubaliano hayo hayakuandikwa popote. Uhuru ulipokuja Mzungu yule akarudi kwao, na Tata akaachiwa kazi yake yote. Kambi nzima ya wafanyakazi ikamwita Injinia.

Lakini barua ya kumthibitisha haikuja. Miaka miwili alifanya kazi ya injinia akiwa bado fundi, na kila alipouliza aliambiwa mwisho wa mwezi. Barua ingekuja na nyumba. Ilikuwa nyumba ya matofali kwenye kilima juu ya kiwanda, yenye bomba ndani na maua meupe mlangoni, imefungwa tangu Mzungu aondoke. Mama alikuwa ameshahamia kwa macho. Tukitoka sokoni Kiptere alipunguza mwendo mbele yake, akipima madirisha.

"Hili la mbele litataka pazia refu," alisema, kama mtu anayezungumza na mwenye duka.

Meneja mpya, naye Mzungu, alipofika alisema barua itatoka mwezi ule ule. Hata mimi nilianza kuchagua mahali pa kulala.

Sasa nieleze habari ya maneno, maana yote yaliharibikia hapo. Watoto wengi wa kambini walikuwa Wakipsigis, na Kiswahili nilikijua kwa kucheza nao. Siku nilipowaambia kwamba baba ananyonyesha mtoto, walicheka wiki nzima. "Baba yako iko na maziwa ngapi?" waliniuliza kila nilipopita. Tangu hapo nilianza kupima kila neno kabla ya kulitoa, nikiligeuza mdomoni kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki.

Rafiki yangu alikuwa Chebet. Kwake ga na ka zilikuwa mtu na ndugu yake. Aliita gari "kari" na gunia "kunia", nami nilisema kama yeye. Kisha wachuma chai wakakataa kuchuma kwa siku mbili kwa sababu ya nyapara mmoja, na Chebet akaja shuleni mbio akipiga kelele, "Wamama wamekoma! Wote wamekoma!" Siku hiyo mwalimu alituambia tuandike habari moja ya nyumbani. Niliandika kwamba wamama wamekoma. Mwalimu alinichapa rula mbili vidoleni.

"Wamegoma," akasema. "Ga. Ga ya gunia. Mnaongea kama watu wenye pamba puani."

Darasa zima likaimba: ga ya gari, ga ya goti, ga ya gunia, ga ya goma. Hakutuambia kwamba kukoma nalo ni neno, lenye maana yake. Mimi nikaamua kwamba koma si neno kabisa, ni goma lililoangukia matopeni.

Ijumaa ya wiki mbili baadaye mvua ilikuwa imenyesha vizuri na kiwanda kilikuwa kimejaa majani. Tata alikuwa ameoga, amevaa shati jeupe, viatu vimepangwa. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mikaratusi. Ndipo ngurumo ya kiwanda, ambayo tuliizoea hata tukasahau kwamba ni sauti, ikapungua. Tata akainua kichwa.

"Feni ya kukaushia," akasema. "Beringi."

King'ora kikalia mara tatu, ishara ya kumwita injinia. Alienda mpaka mlangoni, akasimama mguu mmoja nje na mwingine ndani. Alisimama muda mrefu. Nilimwona akifungua kiganja na kukifumba.

"Nenda uangalie tu," Mama akamwambia taratibu. "Kuangalia si kazi."

"Nikiangalia, mkono utanishinda."

"Basi tuma mtu."

Akanigeukia mimi, mkubwa wa watoto wake. "Kimbia ofisini kwa karani Joel. Mwambie, Tata anasema amekoma mpaka kesho jua likizama. Umesikia? Mwambie nimekoma."

"Nimesikia, Tata."

Njia ilipita katikati ya chai, na majani yaliyolowa yalinipiga magotini. Nilikimbia nikirudia ujumbe, na nilipofika kwenye lile neno nikapunguza mwendo. Nimekoma. Nilimhurumia Tata. Amekaa sana na Wakipsigis, nikawaza, mpaka ga yake imepotea, na hakuna mwalimu wa kumchapa rula. Na sasa mimi naenda kulisema ofisini, mbele ya watu waliosoma, wacheke kama walivyocheka yale maziwa. Nililitengeneza njiani. Nililisafisha, nikalirudishia ga yake, nikafurahi. Sijui kama nimewahi kufanya jambo lingine lolote kwa nia njema kiasi kile.

Joel alikuwa Mkipsigis, rafiki wa Tata, mtu wa mzaha. Alikuwa amesimama nyuma ya meza, kalamu sikioni, jasho usoni, akanisalimia kikwao.

"Chamgei, mtoto ya Injinia! Paba yako iko wapi? Majani imejaa mpaka mlangoni, itaharipika yote."

Nikasimama wima kama darasani. "Tata anasema amegoma mpaka kesho jua likizama."

Joel akanitazama. "Amekoma," akasema polepole, kama anayenipa kitu mkononi.

Nami nikasikia ka yake, ile ka ya Chebet. "Hapana," nikamwambia. "Si amekoma. Amegoma. Ga. Ga ya gunia."

"Mtoto, ngoja. Sikiliza mimi..."

Lakini mlango wa ndani ulikuwa wazi, na meneja alikuwa amesimama pale. Hakujua Kiswahili kingi, ila hilo neno moja alilijua. Wiki mbili zilizopita alikuwa amelisikia kutwa kucha. "Goma?" akauliza. Akanitazama, akamtazama Joel. "Injinia goma?" Nikatikisa kichwa kukubali, kwa adabu. Alitoa kijitabu mfukoni akaandika mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi. Mzungu alikuwa amenielewa mara moja, na alikuwa hajacheka.

Jumamosi tulikwenda kanisani na harufu ikaja nasi. Wenzake Tata walijaribu kutengeneza ile beringi wakaivunja, na majani ya siku nzima yakabaki yamelala, yakachacha, yakamwagwa bondeni nyuma ya kiwanda. Tuliimba huku tumeziba pua kwa vitabu vya nyimbo. Jua lilipozama Tata akavua shati jeupe, akashuka kilima karibu anakimbia. Kabla hatujamaliza ugali, feni ilikuwa inanguruma. Haikuzidi nusu saa.

Jumapili, Tata alipotoka kazini kuja kula chakula cha mchana, Joel alikuja nyumbani akiwa bado na tai ya kanisani. Mimi nilifukuzwa nikaoshe vyombo, nikasimama nyuma ya mlango wa jikoni na sahani mkononi.

"Injinia, mambo si mazuri," Joel akasema. "Ameandika wewe umekoma peke yako. Umekoma na ka ile ingine, ile ya kunia."

"Amegoma," Mama akamsaidia.

"Hiyo. Kesho atakuita, na mimi ndio nitatafsiri. Sasa sikiliza. Sema tu mtoto alikosea neno. Neno moja. Mimi mwenyewe nilijaribu kumpeleka pole pole, akanifundisha Kiswahili mbele ya mkupwa."

Mama alicheka, kisha kicheko kikakatika. Nilimngoja Tata. Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Sitasema hivyo," akasema.

"Kwani ni uongo?"

"Kunywa chai, Joel."

"Chai nitakunywa. Jipu swali."

"Sitasema mtoto alikosea."

"Hata kama barua iko tayari?" Mama akauliza. "Hata kama nyumba..."

"Sitasema."

Nyuma ya mlango nilielewa kila kitu, kama mtoto anavyoelewa. Nimeharibu mimi, na Tata amenifunika. Hataki niitwe ofisini, nisimame mbele ya meneja, nichekwe tena. Nililia bila sauti, nikaosha sahani ile ile mara tatu. Sijawahi kumpenda mtu hivyo, na sijawahi kuogopa upendo hivyo.

Jumatatu meneja alimwuliza mara tatu kama aligoma. Joel ndiye aliyemsimulia Mama, kofia mkononi, karibu akilia kwa hasira. Meneja hakuwa mtu mbaya, alisema. Alimwambia, sema hukugoma, nami nitachana karatasi hii. Tata alitazama viatu vyake, akanyamaza. Kufikia mwisho wa mwezi tulikuwa juu ya lori na vitanda na kuku, tukielekea Silibwet, ambako ndugu mmoja wa kanisa alikuwa na kinu cha posho kilichohitaji fundi. Tulipopita ile nyumba ya matofali Mama aligeuza uso upande wa pili na kuniuliza kama kuku wamefungwa vizuri.

Silibwet tuliishi vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Kama tungeteseka sana labda ningesema siku moja, ningelipuka. Lakini Tata aliamka akiimba, akavuta injini ya kinu ikaitika, akarudi jioni mweupe kama chapati mbichi, nyusi na masikio yote unga, watoto wakimpangusa. Watu walimletea pampu, baiskeli, redio, hata saa ya kanisa. Hakulalamika. Kila Ijumaa viatu vilipangwa ukutani. Nami kila Ijumaa nilivitazama nikingoja mtu aseme: mngekuwa wapi sasa kama si huyu?

Hakuna aliyesema. Nikajisemea mwenyewe. Nikawa msichana anayesoma barua mara saba kabla ya kuitia kwenye bahasha. Katika mitihani nilifuta majibu sahihi nikaandika mengine, nikayafuta hayo pia, kengele ikalia. Juzi, mbele ya watu watatu waliotaka kunipa kazi, nimeulizwa ninatoka wapi, na nikatafuta mtego ndani ya swali mpaka mmoja wao akanimiminia maji. Haya yote nimeyafanya kwa sababu ya herufi moja. Najua ni upuuzi. Kujua hakujanisaidia.

Nilipomaliza chuo kikuu nilikwenda Silibwet nimeamua. Nilikuwa nimeandika ya kusema kwenye karatasi mbili, pande zote, na kuyakariri ndani ya basi. Nilimkuta kinuni saa sita mchana, injini imezimwa, hakuna wateja, anasafisha chujio la mafuta.

"Tata, ile siku ya feni," nikasema, nikiwa bado nimesimama mlangoni. "Wewe ulisema umekoma. Mimi nikasema umegoma. Ni mimi."

"Najua. Joel aliniambia."

"Na ukakubali kufukuzwa ili nisiitwe ofisini. Nimekuja kusema asante. Nimekuja kusema pole."

Akaweka chujio chini. "Nani alikuambia nilifanya hivyo?"

"Nilikuwa nyuma ya mlango. Ulisema hutasema mtoto alikosea."

"Ndiyo," akasema. "Kwa sababu hukukosea."

Nilidhani ananifariji, nikaanza kubisha. Akainua mkono wenye mafuta kunizuia.

"Keti, mama. Ng'ombe wa jirani akianguka shimoni siku ya Sabato, mimi humtoa. Umeniona nikimtoa. Ile feni ilikuwa ya nusu saa, na majani yale yalichumwa na watu, kwa mikono, kwenye mvua. Nilisimama mlangoni mguu mmoja nje, na Mungu hakuniambia nirudi. Nilirudi mwenyewe. Nilisema moyoni, miaka miwili barua haiji, basi leo wajue injinia ni nani. Ndipo nikakutuma. Nilikupa neno la Sabato, nimekoma, lakini moyoni nilikuwa nimegoma. Wewe ukawapelekea lile la moyoni. Sasa mtu ananiuliza mara tatu, uligoma? Ningesema nini? Hapana?"

Nilikaa juu ya gunia la mahindi. Nilitazamia kulia, lakini kilichopanda ni hasira, tena kwa nguvu iliyonishangaza.

"Miaka kumi na mitatu, Tata! Nimebeba miaka kumi na mitatu. Mbona hukuniambia?"

"Sikujua kwamba umebeba. Hukusema."

"Nilikuwa mtoto!"

"Na mimi nilikuwa na aibu."

"Mama anajua?"

Akatikisa kichwa. "Mama yako anajua kwamba nilifukuzwa kwa ajili ya Sabato. Kanisa lote linajua hivyo."

"Na wewe ukawaacha wajue hivyo."

Nje, mwanamke alikuwa anakuja na debe la mahindi kichwani, na Tata akamtazama kama anayemhesabia hatua zilizobaki.

"Ndiyo maana walinifanya mzee wa kanisa," akasema. "Kila mwaka, siku ya ushuhuda, nasimama mbele yao niseme ukweli. Nasimama, mama. Nafungua kinywa. Halafu mtu anaanzisha wimbo."